Mama mkwe anamtukana mkunga, na mimi ndiye ninayempitisha

Mpendwa mshauri, mimi ni yule msomaji anayefungua ukurasa wako kabla ya habari za mbele, anacheka matatizo ya wenzake, kisha anakunja gazeti akijiona ana akili, sasa na mimi nimekuja kupanga foleni, naomba unipokee, na ukitaka kucheka cheka, lakini unijibu kabla ya Jumatano tarehe 9 Aprili.

Nitaeleza kwa mpangilio kwa sababu ndivyo nilivyo. Tangu kidato cha pili ninaandika shajara, mistari mitano kila siku, tarehe juu, na kwa hiyo tarehe zote utakazosoma hapa ni sahihi, ingawa mambo yenyewe siyo ya kujivunia.

Kazi yangu ni kusafisha maoni ya watu kwenye jukwaa la mtandaoni la wakazi wa mji wetu. Tuko sita katika chumba kimoja juu ya duka la matairi, feni moja, madirisha mawili ambayo moja halifunguki, na kompyuta sita. Siku hizi hatusomi kila kitu wenyewe. Tuna programu ya lugha, hizi za akili mnemba, inayosoma maoni yote kabla yetu, nasi tumeipa jina la Mwalimu wa Zamu kwa sababu inaona kila kitu na haichoki. Maoni safi inayapa kijani, yanapita. Matusi ya wazi inayapa nyekundu, yanafichwa. Ikiwa na shaka inatoa njano na kuyaleta kwetu, pamoja na jibu la upole ililoandika yenyewe la kumtuliza mwenye maoni au kusahihisha uongo wake. Sisi tunabonyeza Kubali, maoni yafichwe, au tunabonyeza Pinga na kuchagua sababu, yaachwe. Kila Ijumaa jioni yale yote tuliyopinga yanarudishwa kwa Mwalimu kama masomo, ajue wapi alikosea.

Jumatatu tarehe 3 Machi yaliniangukia maoni ya njano ya mtu anayejiita Jicho la Jirani, akisema mkunga wa zahanati yetu mikono inamtetemeka kama ya mlevi na akina mama wajihadhari, na mwisho akaandika "Nimemaliza." halafu akaendelea na aya nyingine nne. Mshauri, katika dunia hii nzima namjua mtu mmoja tu ambaye husema nimemaliza ndipo anaanza, naye tunakaa nyumba moja, ni mama wa mume wangu.

Nilitakiwa nibonyeze Kubali. Nikabonyeza Pinga. Kwenye sababu nilichagua "utani kati ya watu wanaojuana", maana nilijiambia si uongo, mimi namjua. Na ili nisionekane sijafanya kazi kabisa, lile jibu la upole la Mwalimu nikalituma. Liliandikwa hivi: "Asante kwa kutuandikia. Inaonekana jambo hili limekuumiza. Hatuna ushahidi wa unayoyasema kuhusu mkunga, lakini tungependa kusikia: ni nini kilichokupata pale zahanati?" Chini yake, Mhudumu wa Jukwaa.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama sebuleni, miwani yake iliyofungwa kwa uzi iko puani, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Njoo hapa wewe. Soma. Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti barua niliyoituma mwenyewe.

"Umesikia hiyo? Asante kwa kutuandikia. Asante! Katika nyumba hii mimi asante niliisikia lini? Huyu binti kalelewa."

"Mama, umejuaje kama ni binti?"

"Mwanamume hawezi kuuliza swali akasubiri jibu. Na wewe usikaze uso hivyo, sijakutaja. Nimemaliza. Lakini ukweli ni kwamba mwanangu angemuoa mtu kama huyu, mimi ningekuwa mbali sasa."

Basi toka siku hiyo mama yangu mkwe akapata rafiki. Anaamka, anafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga, anamtukana mkunga, anakaa kungoja. Maoni yanakuja kwangu ya njano, maana kwetu aliyeanza na mtu ndiye anayeendelea naye, mimi napinga, nachagua utani, natuma jibu, yeye anajibiwa kwa heshima, anachangamka, mpaka akawa ananiachia chai kwenye chupa, jambo ambalo halijatokea tangu niolewe. Kati ya tarehe 3 na 21 Machi nilipinga mara kumi na saba, zote nimeziandika. Nilimgusia mume wangu, yeye ni fundi wa majokofu, akanijibu bila kutoa kichwa kwenye jokofu la mteja: "Mama ni mtu mzima, mambo ya mtandao hayajui, muache." Wakati huo mama alikuwa chumba cha pili akibadilisha picha ya akaunti yake ya tatu.

Chuki yake na mkunga naijua chanzo chake na ni kitu kidogo tu. Nilipojifungua, tarehe 16 Julai mwaka jana, mama alitaka kuingia chumba cha uzazi, mkunga akamwambia, "Bibi, subiri nje kwenye benchi." Shajara yangu ya siku ile inasema: "Mtoto amezaliwa saa nne asubuhi, salama. Mume wangu amepiga simu kwa watu kumi na mmoja. Mama alijulishwa na mfagiaji, saa saba. Amenuna." Miezi minane mtu ananunia benchi, mshauri, jamani.

Sasa shida ndipo ilipozidi. Ijumaa ya tarehe 21 masomo yakarudishwa kwa Mwalimu kwa mara ya tatu, na kuanzia Jumatatu tarehe 24 Mwalimu hakuleta tena njano yoyote kuhusu mkunga. Alikuwa amenielewa vizuri mno. Alikuwa amejifunza kwamba kumwita mkunga yule mlevi ni utani kati ya watu wanaojuana, kwa hiyo kila mtu mwenye kinyongo chake akawa anapita kijani, wala si mama peke yake. Na kwa kuwa kijani haina jibu, mama akawa hajibiwi. Jumatatu nzima alikaa na simu mbele yake kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Kaninyamazia," akaniambia. "Nimemkosea nini?"

"Labda ana kazi nyingi, mama."

"Kazi gani inayomzuia mtu kusema asante? Nitaandika mpaka anijibu."

Akaandika. Jumanne tarehe 25 aliandika kwamba kuna kichanga kilikufa mikononi mwa mkunga yule na zahanati imeficha. Hakuna kichanga kilichokufa, mshauri. Alikitunga mezani kwetu, pembeni ya kopo la sukari, ili ajibiwe. Kikapita kijani. Kikasambazwa.

Alhamisi tarehe 27 mkunga mwenyewe alipanda ngazi akaingia ofisini kwetu na bahasha. Ndani mlikuwa na maoni arobaini na moja aliyoyachapisha. Alisema kamati ya zahanati imemwita tarehe 9 Aprili kuamua kama ataendelea na kazi, na mwenyekiti amemwambia hivi: "Dada, jukwaa lile lina mashine inayofuta uongo. Haya haikuyafuta. Sasa sisi tuseme nini?" Wajawazito wameanza kwenda kwingine, na wawili wameamua kuzalia nyumbani. Halafu akaniona, akanikumbuka, akaniuliza, na bahasha iko mkononi: "Mtoto anaendeleaje? Kile kitovu kilikauka vizuri?" Nikamjibu anatambaa. Akafurahi kabisa.

Alipoondoka, msimamizi wetu, tunamwita Takwimu kwa sababu hata salamu anaitoa kwa asilimia, alisimama katikati ya chumba. "Jamani, Mwalimu wa Zamu amelala. Nani kamfundisha kwamba mlevi ni utani?" Sote tukatazama feni. Akasema atapitia kumbukumbu za waliopinga, ataanza Jumanne tarehe 8.

Nikisema, nafukuzwa kazi, na akaunti ya mama inafungwa na namba yake inakabidhiwa kwa mkunga akitaka kushtaki, na mume wangu atasema nimemuuza mama yake. Nisiposema, mkunga anakwenda. Nimewaza njia ya katikati: nimwandikie mama mwenyewe kwa jina la Mhudumu wa Jukwaa, nimwombe taratibu afute, kwa sababu Mhudumu ndiye pekee anayemsikiliza. Rasimu tatu tayari ninazo. Au nikae kimya tu hadi tarehe 9 ipite na Mwalimu asahau? Nishike lipi?

Wako,
Mkaza Mwana Aliyekwama
Jumapili, 30 Machi

MSHAURI ANAJIBU

Mkaza mwana, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya michezo akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwenye kitovu, nikaweka kikombe chini.

Kwanza hongera kwa shajara. Watu wengi wakifanya mabaya hujitetea kwamba hawakumbuki. Wewe umejinyima hata utetezi huo. Kumi na saba, tena na tarehe! Takwimu akianza ukaguzi wake hana haja ya kuwasha kompyuta, mkabidhi daftari tu akapumzike.

Unasema Mwalimu wa Zamu amelala, au tuseme msimamizi wako kasema na wewe ukatazama feni. Mashine hiyo haikulala hata dakika moja. Ilikuita mara kumi na saba ikakwambia dada, hapa pana kitu, na mara kumi na saba ukaiambia ni utani. Ikakuamini, maskini, kwa sababu imetengenezwa ikuamini. Kisha unaniuliza kama "itasahau". Itasahauje, na wewe ndiye mwalimu wake? Mtu ameketi kwenye kiti cha kuzuia uongo, amepewa chombo kinachosoma maneno ya mji mzima kabla hajamaliza kupiga mwayo, na kazi aliyobakiziwa ni kusema ndiyo au hapana. Hiyo moja ndiyo iliyokushinda.

Pole ninayo pia, usidhani sina. Najua mama wa mume ni nani ndani ya nyumba. Najua chai kwenye chupa baada ya miaka ya kutotazamwa ni kitu kikubwa, na ningekuwa wewe ile asubuhi ya tarehe 3 huenda na mimi kidole kingeteleza. Mara moja. Mara ya pili ningejiita kando. Wewe ulifika kumi na saba, ukasimama tu kwa sababu mashine iliacha kukuuliza.

Unaogopa kumuuza mama mkwe. Umeshachelewa. Siku ya kwanza ungeyaficha maoni yake, angenuna, yakaisha. Ulimwachia nafasi mpaka kutoka kwenye mikono inayotetemeka akafika kwenye kichanga kilichokufa, na sasa ana maneno hadharani ambayo mtu anaweza kushtakiwa kwayo. Huko ndiko kumlinda kwako. Mungu atuepushe na siku utakayoamua kumdhuru.

Lile wazo la kumwandikia kwa jina la Mhudumu, rasimu zote tatu zichane leo. Mama huyo amedanganywa vya kutosha kwamba kuna binti mwenye adabu mahali fulani anayemngoja. Halafu fikiri: sauti pekee iliyowahi kumuuliza "ni nini kilichokupata?" ilitoka kwenye kompyuta. Mashine isiyo na mama wala mkwe iliuliza swali hilo siku ya kwanza, tena bila kumjua. Wewe unayemjua mpaka anavyoweka nukta uliligusa kwa kidole, ukalituma, ukarudi nyumbani ukalisoma kwa sauti mbele yake, na bado hukulisikia.

Sasa rudi kwenye shajara yako ya tarehe 16 Julai, usome polepole. Mtoto saa nne. Mume kapiga simu kwa watu kumi na mmoja. Mama kajulishwa na mfagiaji, saa saba. Mkunga alimwambia akae nje, na mkunga alikuwa na haki, chumba kile si ukumbi wa wageni. Lakini mkunga hakuwa na simu ya mumeo mkononi. Kwa saa tatu mwanawe alipiga simu akaanza upande mmoja wa nchi akamalizia mwingine, na hakutembea hatua ishirini hadi kwenye benchi. Na wewe uliliona, ukaliandika, ukaweka nukta, ukaongeza "Amenuna". Mama hawezi kumnunia mwanawe, atakaa wapi? Wala hawezi kukununia wewe vya kutosha, ingawa anajaribu. Akachagua mtu wa tatu, mgeni, ambaye hana nafasi ya kujibu mezani. Mkunga anabeba mzigo wa nyumba yenu, na juu yake anauliza kitovu kilikauka.

Basi fanya hivi, na usinipangie njia ya katikati.

Gazeti hili unalishika Jumamosi tarehe 5. Leo hii, mumeo akiwa nyumbani, mtoe kichwa kwenye jokofu. Msomee ukurasa wa tarehe 16 Julai, halafu msomee kumi na saba zako, hivyo hivyo kwa kufuatana, asije akadhani lawama ni za mtu mmoja. Akisema mama mambo ya mtandao hayajui, muulize akaunti tatu amefunguliwa na nani.

Kisha nendeni kwa mama, wawili. Usianze na mashtaka wala kamati. Mwambie kwamba anayebonyeza ni wewe, na anayeandika asante ni mashine. Atakutukana, na kwa mara ya kwanza atakuwa anamtukana anayestahili, vumilia. Mwanawe ndiye aombe radhi ya benchi, kwa mdomo wake, akiwa amekaa chini. Baada ya hapo mwambieni wazi kwamba kichanga hakipo, yeye anajua hakipo, na kwamba tarehe 9 mtu atapoteza kazi kwa ajili yake. Akanushe mwenyewe, kwa akaunti ile ile, kwa maneno yake, kisha afute. Anajua kuandika, hilo amelithibitishia mji. Na mkunga ataambiwa ni nani, nanyi mtakuwa mmesimama pembeni ya mama wakati anaambiwa. Akitaka kushtaki ni haki yake, msimwombee mama msamaha kabla hajauomba mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, kabla Takwimu hajatoa asilimia ya kwanza, simama mezani kwake. Usimngoje Jumanne akukute. Fungua zote kumi na saba, zigeuze, na muombe Mwalimu arudishiwe masomo siku hiyo hiyo, Ijumaa ni mbali. Yale arobaini na moja yasomwe upya na watu, kila moja, wewe ukiwa mbali na kitufe. Halafu andika barua ya ukurasa mmoja kwa kamati ya zahanati, uweke tarehe, hilo hatukufundishi, useme: maoni haya hayakubaki kwa sababu ni ya kweli, yalibaki kwa sababu mimi niliyaacha, na mashine ikajifunza kwangu. Ipeleke kwa mkono wako. Mwenyekiti yule anaamini chombo hakikosei, anahitaji kumwona mtu aliyekikosesha.

Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli utapandishwa cheo. Lakini kazi ambayo umeifanya kwa kinyume mara kumi na saba, tayari ulikuwa umeiacha, ulikuwa unakuja tu kukalia kiti.

Na siku hiyo ya Jumamosi, mama akishasikia yote, akishakuita majina aliyokuwa akimwita mkunga, atavua miwani, ataikunja, atasema "Nimemaliza." Mumeo atataka kunyanyuka. Mshike shati. Wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba hapo ndipo anapoanza.